Saa Moja Nyuma

Sura ya saba ya riwaya yangu ilikwama kwenye ndege. Shujaa wangu, kijana wa Mbinga kama mimi, anatoka Dar es Salaam kwenda Lilongwe kumtafuta mchumba wake. Nikaandika kwamba aliruka asubuhi, akatua jioni. Rafiki yangu mmoja, ambaye mpaka sasa ndiye msomaji wangu pekee, alicheka hadi akashika mbavu.

"Jioni? Kwani ndege yako inasimama Makambako watu wale ubwabwa?"

Mimi ndege sijapanda, bwana. Nikachukua ramani na rula. Ikatoka kama kilomita 970, yaani saa moja na nusu angani, ikizidi sana mbili. Tena kuna kituko kingine: saa za Malawi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ruka Dar saa nne asubuhi, kaa hewani saa mbili nzima, Lilongwe utawakuta saa tano. Nilifurahi kama mtoto.

Lakini rula ilikuwa bado mkononi, nami nikafanya kosa la kuiweka juu ya ziwa. Mbamba Bay hadi Nkhata Bay, kilomita 60 na ushei.

Nkhata Bay ndiko alikoolewa shangazi yangu. Bibi alipofariki hapa Maguu, tulimpigia simu alfajiri. Wiki ile hapakuwa na meli ya kuvuka, na upepo wa mwera ulikuwa umelichafua ziwa, hakuna mwenye mtumbwi aliyethubutu. Ndege je? Ndege ya Lilongwe inakupeleka Dar, na kutoka Dar hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000 za basi, ndefu kuliko safari yenyewe ya angani. Songea kuna uwanja, ndiyo, ila nauli mbili za ndege angezitoa wapi mama muuza dagaa?

Basi akalizunguka ziwa. Mzuzu, Karonga, mpakani Kasumulu, Mbeya, Makambako, Njombe, Songea, Mbinga. (Wakubwa wanabishana mpaka upite katikati ya maji au ufukweni kwetu, eti kwa sababu ya mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Shangazi mpaka wake ulikuwa foleni.) Alishuka kwenye pikipiki siku ya nne asubuhi, amekumbatia khanga aliyomnunulia mama yake. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka.

Hakulia. Aliuliza tu, "Mlimzika saa ngapi?"

"Juzi, saa kumi, dada," baba akajibu.

Akahesabu kwa vidole. "Kwetu ilikuwa saa tisa. Nilikuwa Karonga, nasubiri basi lijae."

Sikuwahi kumsikia akisema "kwetu" kwa upande ule. Baba naye alilisikia neno hilo, maana aliinamisha kichwa.

Sura ya saba nimeichana. Sasa shujaa wangu yuko Mbamba Bay, ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anatazama jua linavyozama ng'ambo. Rafiki yangu kila tukikutana ananiuliza atavuka lini. Namwambia meli haijaja.