Jumapili ya Juani

Mafunzo yalitukusanya Utende, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Mafia: maafisa uvuvi vijana kutoka Mwanza, Kigoma, Tanga na Kilwa, pamoja na wanavijiji waliochaguliwa kulinda viota vya kasa. Sisi wenye vyeti vya vyuo vya uvuvi vya Mbegani na Nyegezi tulikaa mbele, tukajibu maswali hata kabla mkufunzi hajayamaliza. Wanavijiji walikaa nyuma, kimya. Mmoja wao, mzee wa Juani, sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya "marahaba".

Jumapili haikuwa na kipindi. Wengi walitaka kwenda Kilindoni kutazama mpira. Mzee akasema, "Wanangu, maji yanajaa asubuhi. Twendeni kwangu." Tukapanda mashua, tukaipita Chole na popo wake wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa. Juani tukashukia mikokoni, tukakata kichaka hadi ufukwe unaotazama bahari kuu. Kusi lilikuwa likivuma, mchanga unachoma miguu.

Kasa alikuwa amepanda usiku. Alama za mapezi yake zilikwenda hadi chini ya vichaka, na hapo mchanga ulikuwa umevurugwa eneo la kitanda kizima. Mwenzetu wa Mwanza akapiga magoti katikati, akaanza kufukua kwa mikono. Mzee akamzuia taratibu. "Hapo amekudanganya, mwanangu. Akishataga hurusha mchanga nyuma huku anasogea, ili asijulikane alipotagia." Akaufuata mwelekeo wa alama, akaweka kiganja, akabonyeza hapa na pale. Mahali pamoja akakuta pamelegea. Akafukua hadi kwenye kiwiko, tukayaona mayai: meupe, ya mviringo, laini kama ngozi. Akayafunika vilevile.

Tulimuuliza amejifunzia wapi. Akatueleza bila kuficha kwamba ujana wake wote aliyafukua mayai ili ale, na nyama ya kasa aliiuza. Hifadhi ya Bahari ilipoanzishwa mwaka 1995 aliiona kuwa ni adui. Baadaye shirika la uhifadhi la Sea Sense likaja kijijini na utaratibu wa kumlipa anayeripoti kiota, na tena vifaranga vinapotoka salama. Mkono ukawa uleule, kazi ikawa nyingine. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyoyaona Mafia: hakuna mtaalamu aliyekuja na ujuzi ule. Ulikuwapo kisiwani muda wote, ukitafuta riziki.

Tulikula mihogo ya nazi na pweza nyumbani kwake, tukanywa madafu, tukangoja maji yajae tena. Tuliporudi kwenye mashua, tayari vijana wa Kigoma walikuwa wakimwita babu na kumsumbua kwa maswali.

Jumatatu mkufunzi alipofika kwenye somo la viota, mwenzetu wa Mwanza alinyoosha mkono, akaomba mzee aanze. Mzee akaja mbele, akauchora ufukwe ubaoni, akazungumza hadi adhuhuri. Wanavijiji wengine nao wakafungua midomo, wakabishana naye kuhusu kaa na maji ya bamvua.

Mimi nilipangiwa Pangani. Huko mayai yanayotagwa kisiwani Maziwe huhamishiwa Ushongo kwa sababu maji hukifunika kisiwa. Semina yangu ya kwanza niliifanyia ufukweni, nikawaweka mbele wavuvi wazee. Mmoja alianza na neno nililowahi kulisikia Juani: yai la kasa ukilihamisha, usiligeuze, libebe upande uleule ulioukuta juu.