Gari dogo kwenye mlima wa Sachangwan

Ukitoka Nakuru kwenda magharibi, msomaji mpendwa, barabara haikuambii mara moja kwamba inapanda. Unaliacha jiji lililo kwenye mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, unayapita mashamba ya Rongai, unafika Salgaa penye malori yaliyojipanga kama ng'ombe kwenye josho, na hata hapo watoto walio kiti cha nyuma bado wanabishana tu juu ya nani akae dirishani. Mlima wenyewe unakungoja baada ya Salgaa. Kutoka hapo hadi Sachangwan, na kuendelea mpaka Mau Summit penye njia panda ya Kericho na Eldoret, ni kupanda tu.

Hewa inabadilika. Ukungu unashuka hata saa nne ya asubuhi, na wauzaji wa viazi na kabichi kando ya barabara wamejifunika makoti mazito. Hii ndiyo nchi ya Molo, iliyojipatia jina kwa kondoo na kwa pareto. Ni mahali pa kupendeza sana, na ningependa kukuambia usimame ununue ndoo ya viazi ukiendelea na safari. Lakini wengi wanaosimama hapa na magari madogo hawakusimama kwa kutaka viazi. Wamesimama kwa sababu boneti inatoa mvuke.

Je, kwa nini hapa? Hebu fikiria gari la silinda nne, la sisi 1000 au 1300, lenye baba, mama, watoto watatu, na shangazi aliyeombwa lifti, na buti limejaa unga na sukari ya kupeleka nyumbani kwa ajili ya Krismasi. Mbele yake lipo trela linalotambaa. Dereva yuko gia ya pili, injini inanguruma kwa nguvu zake zote, na upepo wa kuipoza rejeta haupo kwa maana gari linakwenda mwendo wa mkokoteni. Isitoshe, hewa ya mlimani ni nyepesi, kwa hiyo injini hupoteza karibu moja kwa tano ya nguvu zake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Huko Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Katika miinuko hii huchemka kwenye nyuzi 92 au 93. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni kile kifuniko chake, ambacho huyafungia maji kwa shinikizo na kuyapandishia kiwango cha kuchemka kwa nyuzi ishirini hivi. Kifuniko chenye mpira uliokatika kinaweza kukuvumilia Nairobi mwaka mzima na kisikusamehe Sachangwan hata dakika kumi. Na ni kitu cha bei ndogo mno!

Basi injini ikishachemka, wa kwanza kuumia ni hedi gasketi. Huu ni ule utandu mwembamba ulalao kati ya bloku ya injini na kichwa chake, yaani silinda hedi. Kazi yake ni kuvitenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa ndani ya silinda, maji ya kupoza, na oili. Katika magari madogo mengi bloku ni ya chuma na hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Joto likizidi, hedi hupinda. Ikipinda hata kwa kiasi cha unene wa unywele, gasketi haina tena pa kushikilia, na moto hujitafutia njia, aghalabu kwenye ule ukingo mwembamba ulio baina ya silinda mbili.

Dalili zake si za siri. Maji yanapungua na huoni yanakovujia. Asubuhi ukiwasha gari, moshi mweupe wenye harufu tamutamu unatoka kwenye ekzosi na haukomi hata injini ikishapata joto. Ukifungua rejeta injini ikiwa baridi, kisha ukaiwasha, unaona mapovu yanapanda mfululizo kama chungu cha uji. Ukichomoa kijiti cha oili au ukitazama chini ya kifuniko cha oili, unakuta rangi ya chai ya maziwa. Si lazima uone dalili zote. Moja inatosha kukufanya umwone fundi kabla ya safari, wala si baada yake.

Lakini tuseme hukuiona, na sasa uko mlimani na mshale wa joto umepita nusu. Zima ekondisheni. Fungulia hita hadi mwisho, hata kama shangazi atalalamika, maana hita ni rejeta ndogo ya pili na huchota joto kutoka kwenye injini. Tafuta mahali ambapo barabara ina nafasi, uondoke kabisa kwenye lami. Mshale ukigusa nyekundu, simama na uzime. Usijiambie kwamba kituo cha petroli hakiko mbali; mwendo huo mfupi ndio unaogeuza kazi ya gasketi kuwa injini iliyonoki.

Watoe watu garini kwa upande usio wa barabara, wapande juu ya ukingo, mbali na magari. Weka pembetatu za onyo, na uziweke mbali, kwa kuwa lori haliwezi kusimama ghafla. Kisha ngoja. Usiguse kifuniko cha rejeta mpaka uweze kuishika paipu ya juu na kuiminya kwa mkono bila kuungua, na hilo ni jambo la nusu saa au zaidi. Watu wameunguzwa uso na kifua kwa haraka ya dakika tano.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike juu ya mlima huu na si mwingine. Dereva aliyekwama Sachangwan hutazama nyuma, akauona mteremko mrefu unaorudi Salgaa, na akapata wazo: mbona nisiligeuze gari, niweke gia huru, nizime injini isiendelee kuharibika, niteleze tu mpaka kwa mafundi? La hasha! Breki za gari dogo husaidiwa na nguvu inayotoka kwenye injini inayozunguka. Ukiizima, utakanyaga breki mara mbili tatu zikakuitikia, kisha pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao utakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo utajifunga. Kuvutwa kwa kamba mteremkoni kuna hatari iyo hiyo. Lete lori la kubebea magari, hata ikibidi kulala Molo na kuuza moja ya yale magunia.

Barabara hii imekwisha kutufunza kwa gharama kubwa kuhusu magari yanayoachiwa yateremke. Madereva wa malori waliokuwa wakiweka gia huru ili kuokoa mafuta waliipa sehemu ya Salgaa hadi Sachangwan sifa mbaya nchini kote. Tarehe 31 Desemba 2017, alfajiri, basi na lori yaligongana Migaa, watu 36 wakafa. Baadaye vizuizi vya zege vilijengwa kuwatenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Na hapo Sachangwan kwenyewe lipo kaburi la pamoja la waliofariki baada ya tarehe 31 Januari 2009, siku ya Jumamosi, lori la petroli lilipopinduka, watu wakakusanyika kuchota mafuta, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Ukikwama karibu na hapo, waambie watoto kwa nini pana kaburi kando ya barabara kuu.

Gari likishafika Nakuru, kazi inageuka kuwa ya subira. Gasketi yenyewe si ghali. Kinachogharimu ni kuifungua injini na kuipeleka hedi kwenye karakana yenye mashine ili ipimwe kwa rula iliyonyooka na, ikiwa imepinda, ichongwe hadi iwe bapa. Hapa ndipo wateja wengi hulegea. Fundi akikuambia, "Mzee, hedi ni sawa, tutaweka gasketi mpya tu," mwulize kwa heshima: "Fundi, umeipima kwa nini?" Kama ni kwa jicho, ipeleke ikapimwe. Bolti nazo hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, kwa spana yenye kipimo. Katika magari mengi ya siku hizi bolti hizo hutanuka zikikazwa, na hutakiwa mpya.

Yale mambo ya kumimina ute wa yai ndani ya rejeta, au unga wa kuzibia, ni ya kukufikisha kwa jirani, tena baadaye huziba vijia vya maji. Wala usikubali thamostati itupwe kwa kisingizio kwamba nchi yetu ni ya joto. Sachangwan si nchi ya joto, na injini isiyofikia joto lake hula petroli bure. Badilisha thamostati, kifuniko cha rejeta na fenibelti pamoja na gasketi, kisha tia kulanti, si maji ya mtaroni yanayoila aluminiamu polepole.

Mwambie fundi akupe gasketi ya zamani uitazame. Utaona mahali palipoungua, weusi mdogo usiozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kabla ya kupanda tena, lizungushe gari mjini siku mbili, pima maji kila asubuhi injini ikiwa baridi, na safari hii shangazi apande matatu.