Zimwi Halipewi Oscar

Wasee, wacha niseme hii kitu mapema ndio tusisumbuane baadaye: kazi kali zaidi ya Lupita Nyong'o si ile iliyompa Oscar. Ni ile ya Us. Na moja ya tuzo chache zilizoona hivyo pia, wengi wenu hamjawahi hata kuisikia. Inaitwa Saturn.

Stori yake ni fupi. Mwaka wa 1972 kulikuwa na jamaa huko Los Angeles, Donald Reed, mwanahistoria wa filamu na shabiki sugu wa Dracula. Sugu kabisa, yaani miaka kumi kabla ya hapo alikuwa ameshaanzisha chama kizima cha Dracula. Reed aliona filamu za sayansi ya kubuni, za fantasia na za kutisha zinajaza kumbi, lakini msimu wa tuzo ukifika zinawekwa nje kama watoto nyumba ikiwa na wageni. Badala ya kulia, akaanzisha akademia ya hizo filamu tu. Tuzo yenyewe ni sayari ya Zohali, na ile pete yake imetengenezwa kama mkanda wa filamu.

Usidhani ni hafla ya heshima kubwa. Tafuta video ya ile ya 1978. William Shatner, Kapteni Kirk mwenyewe wa Star Trek, amekaa na sigara mkononi, anasoma maneno ya wimbo wa Elton John kama mtu anayetoa ushahidi kortini. Haimbi, anaongea tu. Ni aibu tupu, na mimi nimeitazama mara nyingi kuliko hotuba yoyote ya Oscar.

Sasa turudi kwa Lupita. Mwaka wa 2014 alishinda Oscar kwa 12 Years a Slave, na Kenya nzima ikakesha. Sidharau ile kazi hata kidogo. Lakini angalia alichofanya 2019. Kwenye Us, filamu ya Jordan Peele, yeye ni watu wawili. Ni Adelaide, mama aliyeenda likizo na familia yake, na pia ni Red, kivuli chake kilichotoka chini ya ardhi na mkasi mkononi. Kuna sehemu wanakaa chumba kimoja, mmoja analia na mwingine anaongea kwa ile sauti iliyokwama kooni, na wewe unasahau kabisa kwamba ni mtu mmoja. Mwili tofauti, macho tofauti, hata pumzi tofauti. Wahakiki wa filamu wa New York walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo. Oscar? Majina yalipotoka Januari 2020, lake halikuwepo.

Saturn walikuwa wameshamteua. Septemba 2019 jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waigizaji bora wa kike, pamoja na Toni Collette wa Hereditary, ambaye Oscar walimruka vilevile. Wote wawili walishindwa na Jamie Lee Curtis wa Halloween. Sawa, hiyo naweza kuimeza. Kushindwa na mtu mliyepimwa kwa mizani moja ni tofauti na kukosa hata kuwekwa kwa mizani.

Na si yeye pekee. Black Panther ilipata uteuzi mara saba kwa Oscar na ikabeba tatu: mavazi, usanifu wa mandhari na muziki. Kwa waigizaji, hakuna hata mmoja aliyeteuliwa. Saturn, Juni 2018, walimpa Danai Gurira tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa Okoye. Dada aliyelelewa Zimbabwe, kichwa kimenyolewa, mkuki mkononi, anarusha wigi katikati ya vita. Kama hiyo si uigizaji, basi sijui uigizaji ni nini.

Najua kuna mtu atasema Oscar wamebadilika. Ukweli, The Return of the King ilibeba 11 mwaka wa 2004, na The Shape of Water ilishinda filamu bora 2018, na huyo ni mwanamke anayependana na kiumbe wa majini. Poa. Lakini hebu angalia Mwafrika anapewa lini. Akiteseka kwenye historia, hiyo ni sanaa. Akiwa na nguvu, au akiwa yeye ndiye anayeogofya watu, hiyo inakuwa burudani ya vijana.

Hii maneno inaniuma kwa sababu nina skripti ya kurasa 12. Ni ya mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga kwa stage. Kila saa tisa usiku kuna matatu inasimama hapo, imejaa abiria wasioongea, na konda ana sauti ya mtoto wake aliyepotea. Anaita tu, "Moja wa haraka, mama." Sitasema mwisho wake.

Niliipeleka mahali wanapofadhili filamu fupi za vijana. Walikuwa wapole sana, hata chai tulikunywa. Walisema wameipenda. Kisha wakauliza kama naweza kutoa ile matatu, mtoto awe amepotelea kwa dawa za kulevya, ndio filamu iguse "maisha halisi" ya Kenya. Nikibadilisha, pesa ziko. Nikikataa, nitafute kwingine.

Maisha halisi. Hebu muulize mtu yeyote aliyesoma bweni ni nini kilikuwa kinatembea kwa korido taa zikizimwa. Muulize mtu wa Magharibi kuhusu wale wanaokimbia uchi usiku wakigonga milango. Muulize mtu wa Mombasa kuhusu mrembo aliyeomba lifti, halafu dereva akatupa jicho chini akaona kwato. Kwa somo la Kiswahili tulifundishwa hadithi za mazimwi kama tanzu halali ya fasihi simulizi, tukakariri na sifa zake za mtihani. Yaani zimwi linafaa kunipa alama, lakini likitaka kamera linaambiwa si la Kenya?

Na si eti hakuna mtu amefanya. Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka wa 2009, dakika ishirini na kitu za dunia iliyoishiwa maji, na ikafika Sundance. Mbithi Masya akatupatia Kati Kati mwaka wa 2016, ya watu waliokwama kwa loji moja baada ya kufa. Ikapata tuzo ya wahakiki kule Toronto. Likarion Wainaina na Supa Modo, yule msichana mgonjwa anayejiona shujaa wa kuruka angani na kijiji kizima kinakubali kuigiza naye. Kama hukulia kwa ile, nenda ukapimwe. Hizo tatu zote ni za maisha halisi. Ukame, kifo, ugonjwa wa mtoto. Kila mmoja alipita tu mlango ambao wafadhili wangu hawautaki.

Saturn wenyewe wana vituko vyao, sitaki mwende huko mkidhani ni malaika. Vitengo vyao vimeongezeka hadi unashindwa nani hajaalikwa. Mwaka wa 2017 waliipa Hidden Figures tuzo ya filamu bora ya matukio na mapambano. Ile ya wanahisabati wa NASA! Mapambano gani, na mtu anapiga hesabu ubaoni? Lakini wivu wangu uko palepale. Jamaa aliyependa Dracula aliamua kupenda kwake kunatosha kuanzisha kitu, na zaidi ya miaka hamsini baadaye bado wanagawa zile Zohali.

Mathe naye ana maoni yake. Anasema ananiombea nisilete mapepo kwa nyumba. Huyu ndiye mtu aliyenisimulia, nikiwa darasa la pili, kuhusu zimwi lenye mdomo wa pili kisogoni, kisha akazima taa akaenda kulala. Nikimkumbusha anacheka, anasema ile ilikuwa tofauti, ile ilikuwa ya kunifunza adabu.

Jibu la wafadhili linatakiwa Ijumaa. Nimeshaliandika, ni mistari mitatu, na matatu imebaki ndani. Hiyo inamaanisha bajeti ni akiba yangu, kamera ya binamu yangu, na samaki ambao itabidi tuwale sisi wenyewe tukimaliza kushuti. Kitu kimoja ndicho bado sina: Nissan ya zamani ya abiria 14, chakavu vizuri, ambayo mwenyewe atakubali tuiegeshe kwa stage kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri. Kama unamjua mwenye nayo, mwambie tutaweka mafuta na hatutaigusa redio.