Mtoto Tuliyemwandika Mtoro



Katika darasa letu la tatu hapa kambini kuna kijana ambaye wazee wake ni wa Chula. Muhula mzima tulimwandika mtoro. Wiki moja yupo, wiki mbili hayupo. Tulipokwenda kwao kuulizia tukamkuta amelala, magoti yamevimba, macho manjano. Bibi yake akatuambia, "Walimu, huyu ni wa mifupa. Mamake alizaa wawili kama huyu kule visiwani, hakuna aliyefika miaka mitano." Tukaona haya.

Damu ilipopimwa ikawa ni selimundu. Chembe za damu hujipinda kama mundu, zikanasa kwenye mishipa, na hufa upesi, ndiyo maana damu hupungua. Mtoto huirithi kwa baba na mama wote wawili, nao wenyewe wazima kabisa. Aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo sababu damu hii imeenea sehemu zenye malaria. Si jini wala husuda, hata kama wengine mtatukasirikia.

Bibi aliuliza moja tu: "Ataishi?" Jamani, tulinyamaza.

Baadaye tukasoma habari za Muhimbili, Dar es Salaam. Dkt. Julie Makani na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 1,725 kati ya 2004 na 2009. Waliokufa zaidi walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Na waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao kipimo cha damu kilikuwa chini ya 5, na wale ambao umanjano katika damu ulipanda sana. Kijana wetu ana miaka kumi na moja. Basi mlango mwembamba zaidi ameshaupita, tukamwambia bibi, ila hesabu ya watu wengi haimtaji mtoto mmoja kwa jina.

Tena hatari yenyewe hupungua. Dawa iitwayo haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo ya 2018 yalionyesha maumivu, malaria na vifo vimepungua. Yeye bado hajaanzishwa, tunaulizia. Kwa sasa ni chandarua, maji ya kutosha, na akipata homa apelekwe siku hiyo hiyo, asingojee asubuhi.

Bibi hajui kusoma. Amemwamuru kijana aandike kila kipimo cha damu nyuma ya daftari lake la hesabu. Cha mwisho ni 7.2.