Siku nilipokataa kuachilia tanga

Mwezi uliopita kijana mumoja wa korali yetu alinifuata kisha ibada. Ni muchimbaji, anashuka katika mashimo ya kobalti. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Akauliza: «Pasta, nikikataa kushuka kesho, wenzangu watasema sina imani. Kuogopa ni zambi?» Nilimuonyesha alama katika viganja vyangu, nikamuelezea mambo ya Kalemie.

Mwaka 2008 nilikuwa nasoma Biblia kule, pembeni ya Ziwa Tanganyika. Muzungu mumoja, mugeni wa mwalimu wetu, alikuwa na ubao wa tanga: mutu anasimama juu ya ubao, anakamata fimbo ya tanga, upepo unamupeleka. Alinifundisha wiki mbili, wakati upepo ulikuwa mudogo, nami nikajiona fundi.

Toka mwezi wa tano mpaka wa nane, upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu sana kule. Siku moja ya mwezi wa saba ziwa lilikuwa na povu toka asubui. Wavuvi walikuwa wamevuta mitumbwi inchi kavu. Hilo peke lingenitosha. Lakini wasichana wa korali walikuwa wanafua pwani (niseme kweli yote). Muzungu hakukuwako. Nikatwaa ubao, na tanga kubwa, lile la upepo mudogo!

Upepo ukiongeza mbio mara 2, nguvu yake juu ya tanga inakuwa mara 4. Dawa ni moja: kuachilia fimbo. Tanga linaanguka majini, ubao unapunguza mbio. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza. Lakini mikono yenye woga haiachi kitu. Nilikaza, ngozi ikachubuka, upepo ukanirusha mbele ya tanga. Nikapanda, ukanirusha tena. Mara ya tatu sikuweza kuinua tanga, na nyumba za muji zilikuwa zimekuwa ndogo. Nikawaza kuacha ubao niogelee.

Ndipo nikasikia motere. Muzee mumoja muvuvi na wana wake wawili. Toka mbali analalamika: «Wee mutoto! Usiache ile ubao! Ile inaelea, weye hapana!»

Wiki ile ile nilikuwa nimepata 17 juu ya 20 katika mutihani wa Matendo 27. Nilijua vizuri namna mabaharia wale waliacha merikebu ichukuliwe na upepo, na namna Paulo alizuia watu wasitoroke ndani yake. Nilijua kwa kuandika.

Pwani nilikuta mama wa wale vijana anaketi muchangani, analia. Alikuwa amewakatalia wote watatu wasiende. Viganja vilipona. Uso wa yule mama ungali unanifuata. Nilimuambia kijana wetu: woga sikuutubia, lakini wale watatu walioingia majini sababu yangu, hao niliwatubia.

Alinyamaza. Kisha akauliza: «Na mafuta ya motere yao, pasta, ulilipa?»

Nililipa nusu.

Kesho yake hakushuka. Wenzake walimucheka wiki nzima.