Barua Kutoka Brussels: Bunduki ya Babu na Marisau ya Chuma

Mjomba,

Uliniuliza kama Browning ya marehemu babu, ile iliyotoka Ubelgiji, inaweza kutiwa marisau ya chuma. Swali nililifikisha kwa mwenye ujuzi. Kwenye mkahawa wa stesheni ya Gare du Midi huwa nakutana na mzee mmoja mwindaji, akingoja treni ya Liège. Akatoa mfukoni punje mbili za marisau, akaziweka kwenye kisahani cha kahawa, akazipitishia sumaku ya funguo zake. Moja ikaruka ikanasa, ya pili haikutikisika. "Hiyo iliyonasa," akasema, "usiipe bunduki ya rika langu."

Amesema kweli. Auto-5 ni kazi ya John Browning, Mmarekani, na ilianza kuundwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika kiwanda cha FN, Herstal, jirani na Liège. Mtutu wake ulikusudiwa marisau ya madini ya risasi, ambayo ni laini: yakifika kwenye mdomo uliobanwa hubonyea yakapita. Chuma hakibonyei. Mdomo unaweza kuvimba, na ndani pakachubuka. Kampuni ya Browning yenyewe hairuhusu chuma kwenye mitutu ya Auto-5 ya zamani iliyotengenezwa Ubelgiji. Mtutu uliojaribiwa kwa marisau ya chuma yenye nguvu kubwa hugongwa muhuri wa ua la yungiyungi. Wa babu hauna. Yapo marisau ya bismuthi, laini kuliko chuma, ila bei yake inauma.

Sasa utasema, Wazungu wamehangaikia nini hata wakaacha marisau ya risasi? Bata, Mjomba. Bata humeza changarawe ili firigisi isage chakula, na punje ya risasi iliyozama topeni haina tofauti na changarawe. Firigisi huisaga, sumu ikaingia damuni, ndege akadhoofu hata kuruka asiweze. Ndiyo maana tangu 15 Februari 2023 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku marisau ya risasi kwenye maeneo oevu na mita 100 kuyazunguka.

Usiseme hayo ni ya kwao. Yuko bata mdogo, ambaye dume lake ana utepe mweupe juu ya jicho; huzaliana Ulaya na kuja kwetu baridi ikianza. Anakula tope la huku na la huko. Tanzania na Kenya zimo katika mkataba wa AEWA wa kulinda ndege wa majini wanaohama, uliozitaka nchi zijitahidi kuachana na marisau ya risasi kwenye maeneo oevu ifikapo 2000.

Kwa hiyo bwawani usitumie marisau ya risasi, na bunduki ya babu usiitie chuma. Ipeleke kwanza kwa fundi mwenye leseni aikague, ndipo ufikirie bismuthi. Akisema imechoka, isalimishe polisi kwa utaratibu, wala usimuuzie jirani.



Mpwa wako,
Brussels