Memori ya 6000, mwendo wa 4800

Kompyuta mpya ya mezani iko tayari hapa Marungu, na rafiki zangu wa Voi wameshaanza kunicheka. Nimenunua memori ya DDR5 iliyoandikwa 6000 kwenye pakiti, vipande viwili vya gigabaiti 16, halafu naiendesha kwa 4800. "Umenunua Subaru uiendeshe kama tuktuk?" mmoja aliniuliza.

Ngoja nieleze. Hiyo 6000, yaani mihamisho milioni 6000 ya data kwa sekunde, si kasi ambayo memori huamka nayo. Ukiwasha mashine bila kugusa kitu, DDR5 kama hii kwa kawaida huanza na 4800 kwa volti 1.1. Ukitaka 6000 unaingia kwenye BIOS na kuchagua XMP, mpango ulioletwa na Intel mwaka 2007, au EXPO ya AMD ya mwaka 2022. Volti nayo hupanda, mara nyingi hadi 1.35. Hapo memori inakimbizwa kupita kiwango, na prosesa haikuahidi kuifuata. Kwa mfano, AMD kwa Ryzen 7000 waliahidi 5200 ukiweka vipande viwili, na 3600 tu ukiweka vinne.

Yangu kwa 6000 iliwaka vizuri, Linux ikafunguka, hakuna kilicholalamika. Lakini niliacha Memtest86+ ikeshe, na asubuhi nikakuta makosa matatu. Kwa 4800, usiku wa siku mbili mfululizo, sufuri.

Makosa matatu ni kitu gani? Mimi naandika programu ya chama cha akiba na mikopo. Biti moja tu ikigeuka, shilingi 5,000 za mwanachama zinaweza kusomeka 904, na kompyuta isipige kelele yoyote. Ni kweli DDR5 hurekebisha makosa yaliyo ndani ya chipu, lakini si yale ya njiani kati ya chipu na prosesa. Njia hiyo ndiyo hubanwa ukiongeza kasi.

Ninapoteza nini? Kwa 6000 na CL30, memori hujibu kwa nanosekunde 10. Kwa 4800 na CL40, ni karibu 16.7. Kwenye karatasi ni tofauti kubwa. Lakini kukompaili mradi wangu, kazi ya dakika nne, kumeongezeka sekunde chache tu, kwa sababu prosesa huchukua mengi kutoka kwenye kache yake. Wacheza gemu watahisi zaidi.

Basi usiamini namba ya pakiti kabla ya kuikesha na Memtest. Ikipita safi kwa 6000, kimbia nayo. Isipopita, shuka ngazi moja, ujaribu tena. Mimi Jumamosi napandisha hadi 5200, stima ikikubali.